Mwacheni Bibi Asicheke

Mdogo wangu mmoja ametuma kwenye grupu la ukoo picha ya zamani iliyopigwa nyumbani Kilolo. Safari hii bibi anatabasamu. Eti programu ya simu "imemrudishia furaha", na ndugu wamejaza makopa.

Imemrudishia kutoka wapi? Siku ile bibi hakucheka. Babu amekaa kwenye kiti, bibi amesimama pembeni, watoto wamepangwa kwa kimo, wote macho kwenye kamera. Wajuaji wa mjini huona hapo huzuni na umaskini. Jamani, mbona wateja wengi wa Seydou Keïta kule Bamako nao walikaza nyuso, tena wamevaa nguo zao nzuri kabisa? Picha ilikuwa ya kulipia. Mtu alijipanga jinsi anavyotaka kuheshimiwa, siyo jinsi anavyocheka na jirani yake jikoni.

Sisemi babu alikuwa malaika. Kiti kilikuwa kimoja na kakikalia yeye. Lakini hisia msizitafute mdomoni tu. Tazameni mkono wa bibi: vidole vimeng'ang'ania sweta la binti wa mwisho, aliyetikisika hadi uso ukatoka ukungu.

Na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Programu imeufuta ule ukungu, ikamwekea shangazi macho na pua. Vya nani? Alifariki angali mtoto, na picha nyingine hana. Watoto wetu watamjua kwa sura iliyobuniwa na mashine.

Futa hiyo, mdogo wangu. Turudishie ya ukungu.