Kabla ya Kununua Hedifoni Nyingine, Tazama Pini

Ndugu mkulima, ndugu mfanyabiashara, siku hizi vikundi vingi vinaitwa kwenye vikao vya mtandaoni. Mnunuzi yuko Dar es Salaam, mtaalamu yuko Morogoro, ninyi mko ghalani kijijini na kompyuta mpakato ya kikundi. Kikao kinaanza, mnasikia kila neno, lakini mkisema hamsikiki. Bei inajadiliwa, tarehe ya kupeleka mzigo inapangwa, kikao kinafungwa. Kwa maoni yangu, kikundi kilichosikia bila kusikika hakikuhudhuria kikao. Kimepelekewa tu uamuzi wa wengine.

Dawa inayokimbiliwa ni kununua hedifoni mpya, na hiyo ikigoma, nyingine tena. Fedha ya kikundi inatoka na tatizo linabaki. Mara nyingi hedifoni ni nzima kabisa, ila pini yake na tundu la kompyuta havilingani.

Ichukue hedifoni yako uitazame pini. Ile ya kawaida ina unene wa milimita 3.5. Hesabu mistari myembamba inayoizunguka. Ikiwa na mistari miwili, kwa kawaida ni ya kusikilizia tu, haina maiki. Ikiwa na mistari mitatu, ina sehemu nne za chuma: mbili za sauti ya masikio mawili, moja ya maiki, na moja wanayoitumia wote. Hedifoni nyingi za simu ziko hivyo.

Sasa tazama ubavuni mwa kompyuta. Kompyuta nyingi za zamani zina matundu mawili: la kijani ni la kusikilizia, la pinki ni la maiki. Ukichomeka pini ya mistari mitatu kwenye la kijani, mara nyingi utasikia vizuri, lakini maiki haitafanya kazi, kwa sababu tundu hilo halipokei sauti. Kompyuta nyingi mpya zina tundu moja lenye alama ya hedifoni yenye maiki. Hilo hupokea pini ya mistari mitatu moja kwa moja. Kama alama ni ya hedifoni bila maiki, chukulia kuwa ni la kusikilizia tu.

Kwa kompyuta ya matundu mawili, nunua adapta ndogo yenye tundu moja upande mmoja na pini mbili upande wa pili, ya kijani na ya pinki. Hapa dukani uwe macho. Ipo adapta inayofanana nayo, yenye pini moja na matundu mawili, ya watu wawili kusikiliza pamoja. Hiyo haitakusaidia. Na kama hedifoni yako ndiyo yenye pini mbili na kompyuta ina tundu moja, tafuta adapta ya kinyume chake: matundu mawili, ya hedifoni na ya maiki, na pini moja yenye mistari mitatu. Tundu la kompyuta likiwa bovu, kuna kifaa kidogo cha sauti kinachochomekwa kwenye USB, nacho hubeba matundu yake mwenyewe.

Ukishachomeka, kazi haijaisha. Kwenye Windows fungua Settings, ingia System, kisha Sound. Pale palipoandikwa Input, chagua maiki ya hedifoni, kisha sema maneno mawili matatu. Mstari wa sauti ukicheza, kompyuta inakusikia. Usipocheza, ingia sehemu ya Privacy, kwenye Microphone, uhakikishe ruhusa imewashwa. Halafu angalia ndani ya programu ya kikao chenyewe, kwa sababu nayo ina mahali pake pa kuchagua maiki.

Najua wapo watakaosema, “Si tutumie simu tu?” Kama anayeongea ni mmoja na hakuna cha kuonyesha, tumieni simu, sina ubishi. Lakini mkitakiwa kuonyesha daftari la mizani au orodha ya magunia iliyomo kwenye kompyuta, kompyuta ndiyo itakayofaa. Wengine watasema kompyuta ina maiki yake ya ndani. Ni kweli, ila hiyo husikia kila kitu: mvua juu ya bati, mashine ya kukoboa jirani, na wanachama wanaobishana nyuma. Maiki iliyo karibu na mdomo humsikia zaidi anayeongea.

Jambo moja zaidi: msimwachie kijana mmoja maarifa haya. Siku akisafiri, kikundi kizima kinakuwa bubu. Katibu ajue, mweka hazina ajue, na mwingine mmoja ajue. Wekeni adapta kwenye mfuko wa kompyuta, si mfukoni mwa mtu. Siku moja kabla ya kikao, jaribuni kwa kumpigia mwenzenu kwa programu ileile, awaambie kama anawasikia.

Mkulima hapeleki mazao mnadani bila kuhakiki mizani. Basi msipeleke sauti ya kikundi kwenye kikao cha bei bila kuhakiki maiki. Leo jioni itazameni pini, hesabuni mistari yake, ndipo mwamue kama kuna haja ya kutoa fedha.