Kovu la Damuni: Kaswende Baada ya Sindano

Mama mjamzito atokaye Kaole, Mlingotini au Saadani kwenda kliniki huchomwa kidole, tone la damu likadondoshwa juu ya kipimo, na kabla ya nusu saa kupita majibu yamekwisha kuonekana. Mstari wa kaswende ukijitokeza, mume naye huitwa. Hapo ndipo mambo yanapoweza kuharibika, kwani aghalabu mume huwa na swali moja tu: "Ugonjwa huu umeutoa wapi?" Chukulia kwamba mama huyo alikwisha kutibiwa kaswende miaka mitano iliyopita, tena akapona kabisa. Jibu la kumridhisha mumewe hana, maana mstari ule ule aliouona siku zile anauona tena leo. Ndoa inaweza kuvunjika kwa sababu ya mstari huo, ilhali bakteria alikwisha kufa zamani.

Kosa hapa si la kipimo. Ni la wale wanaokisoma kipimo na kukitaka kiseme jambo ambalo hakikuundwa kulisema.

Kaswende huletwa na bakteria mwembamba aliyejisokota kama parafujo, ambaye Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann walimwona kwa hadubini mjini Berlin mwaka 1905. Kwa muda mrefu wagonjwa walitibiwa kwa zebaki, kisha kwa dawa zenye aseniki, dawa ambazo nazo zilikuwa sumu. Mwaka 1943 John Mahoney na wenzake nchini Marekani walionyesha kuwa penisilini huiponya kaswende. La kustaajabisha ni kwamba zaidi ya miaka themanini imepita na bakteria huyu bado hajapata njia ya kuishinda dawa hiyo. Mwenzake wa kisonono sivyo alivyo: aina zake zinazoivunjavunja penisilini ziligunduliwa mwaka 1976, na tangu hapo amezishinda dawa nyingine kadhaa. Kwa hiyo anayenunua vidonge vya "rangi mbili" dukani kwa kubahatisha, eti vinatibu kila ugonjwa wa zinaa, huwa anacheza bahati nasibu.

Kwa kaswende changa, sindano moja ya benzathini penisilini ya uniti milioni 2.4 hutosha. Iliyokaa mwilini zaidi ya miaka miwili huhitaji sindano tatu, moja kila wiki. Usiku wa kwanza baada ya sindano mgonjwa huweza kupata homa, kutetemeka na kuumwa kichwa. Wako wanaodhani wamechomwa dawa mbovu. Sivyo: bakteria wanakufa kwa wingi, na mwili unayapokea mabaki yao kwa kishindo. Kwa kawaida homa hiyo hutulia katika muda wa siku moja.

Je, kupona hujulikanaje? Kidonda hufunga, lakini dalili hiyo haiaminiki, kwani kidonda cha kaswende hufunga hata bila dawa, na ugonjwa ukaendelea kimya kimya kwa miaka mingi. Yabaki kuiuliza damu, na damu ina majibu ya namna mbili. Namna ya kwanza ni kingamwili zilizotengenezwa kumpinga bakteria mwenyewe. Hizo, kwa watu walio wengi, hubaki maisha yote hata baada ya kupona, kama kovu linavyobaki baada ya jeraha. Kipimo cha haraka cha kliniki huzitafuta hizo. Namna ya pili huzuka kutokana na seli zinazoharibiwa na ugonjwa. Huongezeka ugonjwa unapochachamaa na hupungua unapotibiwa. Fundi wa maabara huizimua sehemu ya maji ya damu mara mbili, mara nne, mara nane, na kuendelea hivyo, mpaka kipimo kisiitike tena. Aliyeitika mpaka 1:32 kabla ya dawa, kisha akashuka hadi 1:8 au chini yake baada ya miezi sita mpaka kumi na miwili, tiba yake imefanya kazi. Wengine hubaki na kiwango kidogo kisichoshuka zaidi, nao si lazima wawe bado wagonjwa.

Mstari wa kipimo cha haraka, basi, husema kwamba mwili uliwahi kukutana na bakteria wa jamii hiyo. Hautaji mwaka, sembuse mtu. Hata jamii yenyewe hauichambui vizuri: buba, maradhi ya ngozi yaliyowapata watoto wengi vijijini zamani na ambayo hayahusiani na zinaa kabisa, huletwa na ndugu wa karibu wa bakteria wa kaswende na huacha kovu lile lile damuni. Mzee aliyeugua buba utotoni aweza kuitika kipimo hiki uzeeni bila kuwahi kuugua kaswende.

Wahudumu wa afya hufanya jambo la haki wanapomchoma sindano mjamzito aliyeitika kipimo na asiye na kumbukumbu ya tiba. Utafiti uliofanyika Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa wajawazito wenye kaswende waliopewa sindano moja hawakuwa na hatari ya kuharibikiwa mimba kuliko wasiokuwa nayo. Sindano ya ziada ni maumivu ya kitambo. Kukosa sindano kwaweza kuwa kifo cha mtoto. Linalolaumika ni kumtibu mke na kumwacha mume, kwani penisilini haiachi kinga, na huko ni kutwanga maji kinuni. Linalolaumika pia ni tiba kutoandikwa. Tarehe, dawa, idadi ya sindano na kiwango cha mwisho cha damu vingeandikwa katika kadi anayokaa nayo mama mwenyewe, swali la mume lingekuwa na jibu lililopigwa muhuri.

Wako watakaosema kwamba elimu hii itawapa wazinzi kisingizio. Hoja hiyo ni dhaifu. Aliyeambukizwa upya hutambulikana: kiwango kilichokuwa 1:4 hupanda hadi 1:16 au zaidi, na kovu halina tabia hiyo.

Shuleni, mwanafunzi wa biolojia hukariri jina la ugonjwa, kiini chake na dalili zake, kisha mwalimu akafunga kitabu. Mwendo wa kupona haufundishwi sana. Yatosha mwalimu achore ubaoni mistari miwili: mmoja unapanda na kukaa pale pale, mwingine unapanda kisha unashuka kwa nusu na nusu ya nusu. Wanafunzi waulizwe ni mstari upi unaoonekana katika kipimo cha kliniki, na ni upi wa kumwendea fundi wa maabara.