SIMU NI CHOMBO CHA KAZI: NANI ALIPE?

Ndugu wafanyakazi,

Nataka kusema neno juu ya kitu kidogo ambacho kila mmoja wetu anacho mfukoni, yaani simu na waya wake wa chaja. Wengine watacheka, waseme chama kina mambo makubwa ya mishahara na nyumba. Lakini mshahara hutafunwa kidogo kidogo, kama panya anavyotafuna gunia la mahindi.

Zamani simu ilikaa mezani kwa mkubwa. Leo mambo yamegeuka. Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007, pesa zetu nyingi hupita katika simu. Orodha ya zamu nayo hutumwa usiku kwa WhatsApp. Msimamizi akikupigia saa kumi ya alfajiri na simu imezima, hataki kusikia kwamba stima ilikatika Kibera. Husema wewe hukupatikana, na siku hiyo huhesabiwi. Kwa kibarua, kutohesabiwa ni watoto kulala na njaa.

Basi na tufanye hesabu. Mimi nanunua bando ya shilingi 20 kila siku ya kazi ili nipate habari za zamu. Kwa siku 26 ni shilingi 520. Waya wa chaja wa kando ya barabara ni shilingi 100, nao haumalizi mwezi. Jumla ni shilingi 620 kwa mwezi, na 7,440 kwa mwaka. Hapo sijataja pesa za kuweka chaji kibandani stima ikikatika, wala bei ya simu yenyewe, ambayo wengi wanailipa mdogo mdogo kila siku, na wakikosa kulipa hufungwa na aliyeiuza.

Watu husema, nunua waya mzuri. Ni shauri jema. Fundi mmoja wa Kawangware aliupasua waya wa bei ndogo mbele yangu. Shaba ya ndani ni nyembamba kama unywele. Lakini chaja mbovu ni hatari zaidi. Stima ya ukutani ni volti 240. Kazi ya chaja ni kuishusha mpaka volti 5 hivi, na kuzitenga pande hizo mbili zisikutane. Chaja iliyotengenezwa ovyo huziacha karibu mno. Siku zikikutana, stima iko mkononi mwako, au moto uko kitandani. Sisi wa nyumba za mabati zilizoshikana twajua kwamba moto wa mmoja ni moto wa wote. Msilaze simu chini ya mto ikila chaji.

Wala msidhani fujo hii ya waya ni amri ya Mungu. Umoja wa Ulaya uliamuru kwamba kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa huko ziwe na tundu la namna moja, USB-C. Hata Apple, walioshikilia tundu lao wenyewe miaka mingi, walilibadili katika simu zao mpya mwaka 2023. Sheria ilipoandikwa, tajiri alitii.

Sasa tazameni kazi yetu. Wazee wetu wa landhi za Muthurwa, siku za East African Railways and Harbours, walipewa taa ya mkono, bendera nyekundu na ya kijani, na mafuta ya taa hiyo. Hakuna aliyemwambia mtu wa ishara ajinunulie mafuta. Simu ya zamu ni taa ya leo. Kwa nini mafuta yake yatoke mfukoni mwetu?

Waajiri watajibu kwamba simu hiyo hiyo twawapigia wake zetu na kusikiliza mpira. Ni kweli. Lakini hata buti za kazi mtu hutembea nazo mpaka nyumbani, na bado ni buti za kazi.

Kwa hiyo yafaa chama kidai mambo matatu. Kwanza, matundu ya stima na chaja salama katika kila chumba cha mapumziko. Pili, posho ya simu kwa kila anayetakiwa kupatikana kwa simu. Tatu, orodha ya zamu ibandikwe ukutani pia, na asipoteze siku yule ambaye simu yake imezima. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Basi na simu iandikwe humo.

Nasi tufanye letu. Kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni twalipa vijana wa saiba watujazie fomu za kodi. Microsoft waliacha kuitunza Windows 10 bure tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi nzima zitatupwa na maofisi. Chama kiombe mbili tatu. Zikitiwa Linux, ambayo haina bei, zitatufaa miaka mingi, na mwenzetu ajuaye awafundishe wengine.

Haba na haba hujaza kibaba. Na haba na haba hukimaliza pia. Lileteni jambo hili katika mkutano wa tawi.

Ni mimi mwenzenu,
Mfanyakazi wa Reli, Kibera