Kondomu za wafadhili: Kununua ni rahisi, kufikisha ndiko kugumu

KONDOMU ni miongoni mwa bidhaa za afya zilizo rahisi zaidi kununua. Ikiagizwa kwa wingi, moja hugharimu senti chache tu za dola, na viwanda vya Malaysia, Thailand, India na China huzitengeneza kwa mamilioni. Hata hivyo, wanaotegemea kondomu za bure nchini Kenya wamezoea kukuta masanduku matupu katika zahanati, vyuo na vyoo vya umma. Ni dhahiri kuwa kiini cha tatizo kiko katika njia ambayo bidhaa hiyo hupitia, na katika swali la nani anayeimiliki njia hiyo.

Kwa muda mrefu mjadala nchini ulihusu maadili. Mwaka wa 1996, Kadinali Maurice Otunga aliongoza waumini kuteketeza kondomu jijini Nairobi. Mwaka wa 1999, Rais Daniel arap Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa. Miaka miwili baadaye, serikali yake ilipopanga kuagiza kondomu milioni 300, Moi alikiri hadharani kuwa jambo hilo lilimtia haya, akawahimiza raia wajinyime tendo la ndoa kwa miaka miwili. Tangu hapo taifa limeikubali kondomu, lakini gharama yake limeiacha mikononi mwa wageni.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Anayelipa ndiye anayechagua muuzaji na masharti. Kwa miaka mingi kondomu zilizonunuliwa kwa pesa za Marekani zilitengenezwa katika jimbo la Alabama ili kulinda ajira za huko, ingawa viwanda vya Asia vilikuwa vikiuza kwa takriban nusu ya bei hiyo. Utaratibu huo ulianza kulegezwa mwaka wa 2009. Aidha, sheria iliyoanzisha mpango wa PEPFAR mwaka wa 2003 ilitaka thuluthi moja ya fedha za kinga itumiwe kuhubiri kujinyima ngono hadi ndoa. Sharti hilo liliondolewa mwaka wa 2008. Maamuzi yote hayo yaliigusa Kenya, na hakuna hata moja lililopitishwa Nairobi.

Kondomu zinapoagizwa, safari ndipo huanza. Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu, UNFPA, huidhinisha viwanda vinavyotimiza viwango vya kimataifa. Kila shehena hupimwa kama ina matundu, kama inapasuka upesi na kama pakiti zimezibwa barabara. Husafirishwa kwa meli, hupitia forodha katika bandari ya Mombasa, hukaguliwa tena ubora, kisha huingia katika mabohari ya shirika la KEMSA. Kutoka hapo husubiri maombi ya kaunti, ambazo zimekuwa zikisimamia zahanati na hospitali nyingi tangu mwaka wa 2013. Hatua ya mwisho ni mhudumu wa afya anayebeba katoni hadi kwenye kisanduku cha ukutani. Joto kali na jua huharibu mpira, hivyo kila wiki ya kukwama njiani hupunguza muda wa matumizi.

Kila kituo katika safari hiyo kina bwana wake na bajeti yake. Mfadhili hulipia bidhaa, lakini ni nadra kumpata anayelipia petroli ya kuitoa makao makuu ya kaunti hadi zahanati ya mashambani.

Athari za mgawanyiko huo zimeonekana katika bidhaa nyingine za Ukimwi na malaria pia. Mwaka wa 2021, dawa za kupunguza makali ya virusi vya HIV zilizotolewa na Marekani zilikwama Mombasa kwa miezi kadhaa huku pande mbili zikivutana kuhusu ushuru na kuhusu atakayezipokea. Mwaka wa 2022, ukaguzi wa hazina ya kimataifa ya Global Fund ulisema kuwa kondomu milioni 1.1 na vyandarua zaidi ya 900,000 havikuweza kutolewa hesabu katika mabohari ya KEMSA. Mwaka uliofuata, zabuni ya vyandarua ya Sh3.7 bilioni ilifutwa, na ununuzi ukarejeshwa mikononi mwa mfadhili. Kila kashfa humpa mgeni sababu ya kushika usukani upya, na kila anapoushika, uwezo wa taasisi za nyumbani huzidi kudidimia.

Ubora nao una siasa zake. Nchini Uganda, kondomu za bure za aina ya Engabu ziliondolewa sokoni mwaka wa 2004 baada ya wananchi kulalamikia harufu na vipimo kuzua shaka. Serikali iliamuru kila shehena ipimwe upya nchini humo, na mwaka wa 2005 uhaba ukawa mkubwa. Ukaguzi ulikuwa wa haki, lakini maabara hazikuwa zimeandaliwa kwa kasi iliyohitajika, na imani iliyopotea haikurudi upesi.

Hatari ya utegemezi ilijitokeza wazi Januari 20, 2025, Rais Donald Trump alipoamuru misaada ya kigeni isimamishwe kwa siku 90. Kibali maalum kilichofuata kililinda matibabu ya wanaoishi na virusi, lakini kiliacha nje sehemu kubwa ya kazi za kinga. Kufikia Julai 1 mwaka huo, shirika la USAID lilikuwa limekoma kuendesha miradi ya misaada.

Desemba 4, 2025, Kenya na Marekani zilitia saini mkataba wa afya wa miaka mitano. Marekani iliahidi hadi dola bilioni 1.6, nayo Kenya ikaahidi kuongeza matumizi yake ya afya kwa dola milioni 850. Wapo wanaohoji kuwa fedha za nyumbani zikiwa chache, dawa zitangulie na kinga ifuate. Hoja hiyo ina uzito wa huruma, lakini haina hesabu. Kila anayeambukizwa leo atahitaji dawa kila siku kwa maisha yake yote, ilhali kondomu ingegharimu shilingi chache.

Kwa hivyo, kipimo cha ahadi hiyo hakitakuwa idadi ya kondomu zitakazotua Mombasa. Kitakuwa fungu la kudumu katika bajeti ya taifa la kuzinunua, fungu lingine katika kila kaunti la kuzisafirisha, na hesabu inayotolewa hadharani kuhusu zilizopokewa na zilizofika zahanati. Bila hayo, mkataba utakuwa umebadilisha jina la mlipaji tu, na kisanduku cha ukutani kitabaki kitupu.