Corona ya 2020: Jicho likipata dharura usiku wa kafyu, ungeenda wapi?

Fikiria ni Aprili 2020 na sanitaiza imekurukia jichoni. Ni saa mbili usiku, kafyu ilianza saa moja, na kila mtu anakwambia ukae nyumbani. Utangoja asubuhi?

Hapana. Kuna shida za macho zinazoweza kungoja miezi, na kuna zisizongoja hata saa moja. Ujumbe wa "kaa nyumbani" haukuzitenganisha, na hapo ndipo mtu angeweza kupofuka.

Kupimwa miwani kunaweza kungoja. Upasuaji wa mtoto wa jicho, mara nyingi pia. Marekani, chama cha madaktari wa macho kiliwaambia wanachama wake Machi 18, 2020 wasitishe huduma zote zisizo za haraka.

Zisizongoja ni hizi:

• Kemikali jichoni: sanitaiza, jiki, simiti, asidi ya betri.
• Jicho kuchomwa au kupigwa na kitu.
• Kuacha kuona ghafla, au kuona kama pazia limeshuka upande mmoja.
• Maumivu makali, jicho jekundu na kutapika.

Kama ni kemikali, anza na maji safi. Osha jicho mfululizo dakika 15 hadi 30, kisha utoke. Kama limechomwa, usioshe, usisugue, usichomoe kitu. Lifunike na kikombe safi bila kulikandamiza.

Sasa, wapi? Si duka la miwani, na si duka la dawa. Matone yenye steroidi yanaweza kuharibu zaidi jicho lenye maambukizi. Nenda idara ya dharura ya hospitali kubwa iliyo karibu, hasa ile ya rufaa ya kaunti.

Wengi walikuwa wamezoea kukimbilia Kenyatta au Kikuyu. Lakini kuanzia Aprili 6, 2020 eneo la Nairobi lilifungwa, hivyo aliyekuwa nje ilibidi aanzie kaunti yake. Aliyetumwa mbele ilimfaa aombe barua ya rufaa awe na kitu cha kumwonyesha polisi kizuizini.

Wakati huo Wizara ya Afya ilikuwa ikitusomea idadi ya wagonjwa wapya kila siku. Ingaliongeza sentensi moja tu: mwenye dharura asiogope kutoka. Polisi nao wangaliisikia.