Katika leseni ya rubani kuna mstari wa lugha

Mwulize mwanafunzi yeyote wa sekondari hapa Goma ni nini kinachomzuia kuwa rubani. Atakujibu: pesa. Ukimsukuma kidogo ataongeza: hesabu na fizikia. Majibu yote mawili ni ya kweli. Lakini kuna kizuizi cha tatu ambacho hatajwi sana, nacho ndicho kinachotuhusu sisi wa kitivo cha lugha. Katika leseni ya kila rubani anayevuka mipaka ya nchi, karibu na aina ya ndege anazoruhusiwa kurusha, huandikwa kiwango chake cha lugha. Mstari huo ukikosekana, au muda wake ukiisha, saa elfu tano za angani hazimsaidii kitu. Hoja yangu ni fupi: mstari huo ni kazi yetu, na tumeuacha kwa muda mrefu kana kwamba ni wa watu wengine.

Najua kuna atakayeuliza kama huu ndio wakati wa kuzungumzia marubani. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025, na wengi wenye safari wamelazimika kupitia Kigali. Nami nasema ndiyo, ni wakati wake. Rubani haandaliwi kwa mwezi mmoja. Anayengoja hadi kila kitu kitulie ndipo aanze kujifunza atakuwa amechelewa miaka mitatu au minne. Tena mji huu umelipa gharama kubwa kwa ajili ya ndege. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya njia ya kurukia. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya Hewa Bora ilishindwa kuruka ikaangukia Birere, na makumi ya watu wakafa. Tarehe 24 Novemba 2019 Dornier ya Busy Bee iliyokuwa ikienda Beni ilianguka juu ya nyumba za watu. Sisemi kwamba lugha ndiyo iliyosababisha misiba hiyo. Nasema kwamba watu wa Goma wana haki kuliko wengi ya kuuliza ni nani anayekaa mbele ya ndege, na ameandaliwa vipi.

Tuanze na namna anavyoajiriwa. Leseni ya biashara inadai kwa kawaida saa 200 za kurusha ndege. Ile ya juu, ya kapteni wa ndege kubwa za abiria, inadai saa 1500. Kuna cheti cha afya cha daraja la kwanza, ambacho hupimwa upya kila mwaka. Kuna mitihani miwili kila mwaka, ambayo kwa ndege kubwa hufanyika ndani ya simuleta, mtambo unaoigiza chumba cha marubani. Baada ya hayo yote, kampuni kubwa huita watu kwa usaili. Kampuni za Ghuba, ambazo kwa miaka mingi zimevuta marubani kutoka Nairobi na Addis Ababa kwa mishahara minono, huweka kiwango cha lugha ya Kiingereza katika masharti ya kwanza kabisa ya tangazo la kazi. Ombi lisilo nacho halifiki mezani. Hapa kwetu pia milango inabadilika. Air Congo iliyoanza kuruka Desemba 2024 ni ya ubia: serikali ya Kongo ina asilimia 51 na Ethiopian Airlines asilimia 49. Na kama kuna mahali ambapo Kifaransa chetu peke yake hakitamfikisha kijana mbali, ni katika kazi iliyofungamana na Addis Ababa.

Kiwango chenyewe ni nini? Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ambalo sisi tunalijua kwa jina la OACI na jirani zetu kwa jina la ICAO, lilipitisha masharti ya lugha mwaka 2003, yakaanza kufanya kazi Machi 2008. Yana ngazi sita. Ngazi ya nne ndiyo ya chini kabisa inayokubalika katika safari za kimataifa. Mtahiniwa hupimwa katika mambo sita: matamshi, miundo ya sentensi, msamiati, ufasaha wa mwendo, usikivu, na namna ya kujibizana. Hakuna wastani hapa. Alama ya chini kuliko zote ndiyo inayokuwa kiwango chake. Ukipata tano mahali patano na tatu katika usikivu, wewe ni wa ngazi ya tatu, na hupiti. Mwenye ngazi ya nne hurudia mtihani angalau kila miaka mitatu, wa tano kila miaka sita. Wa sita harudii tena.

Msomaji wa kitivo hiki na aone hapo kitu cha kumfurahisha. Lafudhi si kosa. Masharti yanakubali wazi kwamba matamshi ya rubani yataathiriwa na lugha yake ya kwanza. Yanachokataa ni athari inayomzuia mwenzake kuelewa mara kwa mara. Kijana wa Goma haombwi aseme kama mtu wa London. Anaombwa aeleweke, na aelewe, katikati ya kelele za redio, usiku, akiwa amechoka.

Sasa wengine watasema: Kifaransa nacho ni lugha rasmi ya OACI, na rubani anayetoka Kinshasa kuja Goma anaruhusiwa kuzungumza na mnara kwa Kifaransa. Ni kweli. Lakini redio si simu ya watu wawili. Ni uwanja ambapo kila aliye angani husikia anachoambiwa mwenzake, na kwa kusikia huko hujua nani yuko wapi. Usiku wa tarehe 25 Mei 2000, katika uwanja wa Roissy, Paris, MD-83 ya Air Liberté iliruhusiwa kuruka kwa Kifaransa. Ndege ndogo ya mizigo, yenye marubani Waingereza, ilikuwa ikipewa maagizo yake kwa Kiingereza. Ikaingia kwenye njia ileile. Bawa la MD-83 lilipasua chumba cha marubani wa ndege ndogo, na rubani msaidizi akafa. Wachunguzi wa Ufaransa walitaja matumizi ya lugha mbili miongoni mwa mambo yaliyochangia. Waingereza wale walisikia sauti redioni, ila hawakujua kwamba ilikuwa ikiwahusu.

Fikirini sasa anga la Goma katika miaka yake ya shughuli nyingi: rubani Mkongomani kwa Kifaransa, Antonov ya mizigo yenye marubani wasemao Kirusi, helikopta za Umoja wa Mataifa zenye watu wa Asia na Afrika Kusini, na ndege ya Ethiopian ikishuka. Ni Babeli yenye milima na volkano pembeni. Katika hali hiyo, lugha moja inayosikika na wote ni sehemu ya usalama kama zilivyo breki.

Lakini ni Kiingereza gani? Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kwamba mwanafunzi wetu wa Anglais akimaliza masomo yake tayari anaweza kumfundisha rubani. Tunafundisha kusoma riwaya, kuchambua tamthiliya, kuandika insha. Ni mambo mema, nami siyaombei kifo. Ila rubani anahitaji kitu kingine: kusema jambo lisilotarajiwa, kwa maneno machache, bila adabu kupita kiasi.

Neno adabu nimelichagua kwa makusudi. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca kutoka Kolombia iliishiwa mafuta karibu na New York, na watu 73 wakafa. Marubani waliuambia mnara kwamba wanaomba kupewa kipaumbele, na kwamba mafuta yanawaishia. Hawakutamka neno la hatari ambalo waongoza ndege walikuwa wakilingoja. Mwaka 1988, katika jarida la Language in Society, mwanaisimu Charlotte Linde alikuwa amekwisha kuonyesha, kwa kuchambua mazungumzo ya marubani, kwamba wa cheo cha chini hulainisha kauli zao wanapomwambia mkubwa, na kwamba kauli zilizolainishwa ndizo zinazopuuzwa zaidi. Nani anayelijua jambo hili kuliko sisi? Sisi ambao humwambia mzee kwamba amekosea kwa kuzunguka njia tatu kwanza. Rubani msaidizi aliyelelewa Kivu anapaswa kujifunza, kama somo kamili, namna ya kumwambia kapteni mwenye mvi "tunashuka mno" bila kuomba radhi kwanza.

Na kuna lile la Tenerife, tarehe 27 Machi 1977, ajali iliyoua watu 583. Kabla tu ya mgongano, sauti kutoka ndege ya Uholanzi ilisema kwa Kiingereza maneno ambayo mnara uliyaelewa kuwa "tuko tayari mahali pa kurukia", ilhali ndege ilikuwa imeshaanza kukimbia. Mwanaisimu Steven Cushing alipendekeza kwamba huenda muundo wa Kiholanzi ulipenya ndani ya sentensi ya Kiingereza. Katika madarasa yetu tunaita jambo hilo athari ya lugha ya kwanza, tunaliandikia karatasi mbili za mtihani, kisha tunalisahau. Hata wito wa hatari, mayday, unaorudiwa mara tatu, ulibuniwa miaka ya 1920 kutokana na Kifaransa m'aidez, kwa sababu ndege zilikuwa zikienda na kurudi kati ya Croydon na Le Bourget. Tangu mwanzo anga limekuwa shamba la wanalugha.

Je, na Kiswahili? Nimesikia wenzangu wakidai kwamba, kama Kiswahili kinaweza kutumika bungeni, kwa nini kisitumike redioni. Naipenda bidii yao, lakini hapo sikubaliani nao, kwa sababu ileile ya Roissy. Kuongeza lugha nyingine katika masafa yaleyale ni kuongeza viziwi. Nafasi ya Kiswahili iko kwingine, na ni kubwa. Iko ndani ya ndege, ambako mama wa Birere mara nyingi huelezwa namna ya kutoka wakati wa hatari kwa Kifaransa na Kiingereza, lugha ambazo huenda hazijui. Iko darasani, katika kumweleza kijana kwa nini bawa hubeba ndege. Lugha hii haikosi uwezo. Neno rubani lenyewe lilikuwa la bahari, la mwongoza jahazi, kabla halijapanda angani. Hapa kwetu wengi husema piloti, na ndege tunaiita ndeke au avion. Basi nani ataandika kamusi ndogo inayokutanisha maneno hayo yote, kama si wanafunzi wa kitivo hiki?

Kuna malalamiko moja yenye haki ambayo sipendi kuyaficha. Mfumo huu hauwabebeshi watu mzigo sawa. Aliyezaliwa na Kiingereza hupewa ngazi ya sita na hapimwi tena maisha yake yote. Mwenzake wa Goma hurudi mtihanini kila baada ya miaka mitatu. Ilhali wenye lugha yao mara nyingi ndio wanaoacha maneno ya kanuni, wakasema kwa kasi na kwa misemo ya nyumbani kwao. Miongozo ya OACI inawataka nao wajizuie. Tudai hilo kwa sauti. Ila anayedai akiwa nje ya mlango hasikilizwi kama anayedai akiwa ndani.

Mtaniuliza: kitivo kisicho hata na maabara ya lugha ya kuaminika kitafanya nini? Hatuwezi kutoa alama za leseni. Hiyo ni kazi ya mamlaka ya usafiri wa anga na vituo inavyovitambua. Wala hatuwezi kumlipia mtu shule ya urubani, ambayo gharama yake ni makumi ya maelfu ya dola. Lakini miongozo ya OACI inapendekeza kwamba mtahiniwa apimwe na watu wawili, mmoja mjuzi wa urubani au uongozaji ndege, mwingine mjuzi wa lugha. Kiti cha pili kina jina letu. Ni kazi halali, inayolipwa, na wahitimu wetu wanaotafuta saa za kufundisha sekondari hawajui hata kwamba ipo.

Basi napendekeza mambo matatu yasiyongoja msaada wa mfadhili. Kwanza, kozi ya hiari ya saa 30 kwa mwaka wa tatu, ya kusikiliza na kujibizana, kwa kutumia mazungumzo ya redio ambayo ripoti za ajali zimeyachapisha. Tumwalike mwongoza ndege au fundi wa hapa mjini akae pamoja na mwalimu. Pili, walimu wakubali mada hizi katika kazi za kumalizia masomo: adabu katika kauli za marubani, athari ya Kiswahili na Kifaransa katika Kiingereza cha anga, matangazo ya usalama kwa Kiswahili. Tatu, Jumamosi moja kwa mwezi tuwafungulie milango wanafunzi wa sekondari wenye ndoto hiyo, tuwapime bila malipo kwa mizani ile ya mambo sita, tuwaambie ukweli kuhusu usikivu wao wakiwa bado na miaka 16, si siku ya usaili.

Shule ya urubani ya Soroti, Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya Afrika Mashariki, iko katika Jumuiya ambayo Kongo nayo ni mwanachama tangu 2022. Huko hufundisha kwa Kiingereza. Kijana wetu anaweza kufika akiwa na hesabu zake safi na ada aliyochangiwa na ukoo mzima, kisha akarudishwa kwa sababu hasikii anachoambiwa. Pesa ya ukoo hatuna. Sikio lake tunaweza kuliandaa, na maprofesa wetu wakitaka, kozi hiyo inaweza kuwamo katika ratiba ya mwaka ujao.