Kome wa Ziwani na Maji Yatokayo Londiani

Maji ya Londiani hayaishii Londiani. Mto Kipchorian huyachukua kutoka nyanda hizi za baridi, ukateremka nayo Fort Ternan na Muhoroni, ukaitwa Nyando, na hatimaye ukayamwaga ziwani, katika Ghuba ya Winam, ambako topeni huishi kome, kiumbe asiyeweza kukimbia wala kuchagua, ambaye riziki yake yote huipata kwa kuyachuja maji yampitiayo.

Na maji hayo hayaendi matupu. Shaba tunayonyunyizia viazi ili kuzuia ukungu haipotei eti kwa kuwa mvua imeiosha majanini. Mbolea ya fosfeti aghalabu huwa na kadimiamu kidogo. Na kwa kuwa chai hustawi katika udongo wenye asidi, na mbolea ya naitrojeni huizidisha asidi hiyo, metali huyeyuka kwa wepesi zikafuata maji mtoni, pamoja na risasi ya betri kuukuu zibomolewazo nyuma ya gereji.

Kome hana kinga ikumbukayo maradhi kama yetu. Tegemeo lake ni chembe za damu ambazo, zikikutana na kijidudu, hukizingira, hukimeza na kukimeng'enya ndani ya vifuko vya chembe hizo. Metali hizi huvidhuru vifuko hivyo hata vikavuja. Tena kiasi kidogo huweza kwanza kuzichangamsha chembe, mtu akadhani zimepata nguvu, kabla ya kuzidhoofisha. Basi kome huonekana mzima, gamba limefumba barabara, ilhali hana silaha. Na bakteria ambao zamani angaliwashinda wakimuua, lawama huwaangukia bakteria peke yao.

Ndiyo sababu nasema kwamba kungoja samaki waelee ndipo tukiri kuwa maji yameharibika ni dhuluma. Kipimo cha mapema kipo, wala si cha gharama kubwa: tone la damu huvutwa kwa sindano kutoka msuli wa kome, hutiwa rangi nyekundu, na mtaalamu huangalia kwa hadubini; chembe yenye afya huishika rangi vifukoni kwa muda mrefu, iliyodhurika huivujisha upesi. Mwaka 1975 mwanasayansi Edward Goldberg wa Marekani alipendekeza kome wafanywe walinzi wa pwani, na mwaka 1986 nchi yake ikaanza mpango wa kudumu wa kazi hiyo.

Hasara ya kungoja sisi tuliiona Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia watu risasi damuni. Mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu mwaka 2024. Fidia ni haki, lakini haiwatoi watoto sumu.

Kwa hiyo Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, ambayo ina kituo Kisumu, ishirikiane na serikali za kaunti za Kericho na Kisumu kuweka kome vizimbani mdomoni mwa Nyando, iwapime damu kila msimu wa mvua, na matokeo yasomwe katika baraza la chifu hapa Londiani, mbele ya wakulima wenyewe.